Swali Baada ya Amina

Mtu wa kwanza niliyepewa na serikali nimwangalie alikuwa anajua kuomba kuliko wahubiri wote niliowahi kuwasikia, na nimewasikia wengi, kwa sababu kanisa la jirani lina vipaza sauti vinne na dirisha langu halifungiki.

Nieleze kwanza serikali ilinijulia wapi. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, wakati simu za mkononi zilikuwa zimeanza kufika hata kwa watu kama mimi. Mahakama zilikuwa zinawapa watu kifungo cha nje badala ya kuwarundika jela, na maafisa wa kuwasimamia watu hao hawakutosha. Ndipo wakatafutwa watu wa mitaani wa kusaidia kwa kujitolea, neno ambalo maana yake ni kwamba hakuna mshahara. Naibu wa chifu aliambiwa alete mtu mwenye heshima, aliyefika kidato cha nne, na anayepatikana nyumbani. Heshima na kidato cha nne wengi wanavyo. Kwa kupatikana nyumbani sikuwa na mpinzani. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani, kitanda kiko nyuma ya cherehani, na choo kiko nyuma ya kitanda. Sijawahi kuelewa watu wengine huenda kutafuta nini huko nje.

"Walikuwa wanatafuta nguzo ya stima," mke wangu akasema aliposikia. "Wakaikosa, wakakuja kwako."

Tunakaa Kitisuru, mtaa wa matajiri. Nikisema hivyo watu hunitazama viatu, lakini si uongo. Ukuta wa nyuma wa Kitisuru ndio unaotutupia kivuli asubuhi, sisi tuliopanga vyumba upande wa bondeni na kuwashonea sare walinzi wa upande wa juu. Mke wangu ndiye mwenye miguu katika nyumba yetu. Yeye huuza mapazia soko la Ngara na kurudi jioni na habari za dunia, mimi humpa habari za baraza, na ndoa inaendelea.

Basi nikaletewa mtu. Alikuwa na miaka thelathini hivi, fundi wa kupaka rangi, mrefu, nadhifu, na mwenye sauti ya kuuza bima. Kosa lake lilikuwa hili: mwanamke aliyekuwa akiishi naye alimwacha, akafungua kibanda cha viatu Ngara, na huyu bwana akaenda mchana kweupe akakibomoa kwa mikono yake, kisha akaketi juu ya viatu na kulia mpaka polisi wakafika. Daktari wa hospitali kuu alimpima, akasema si mwendawazimu. Ana matatizo ya nafsi: namna yake ya kuhisi na kuishi na watu imepinda tangu ujana, na haitanyooka kwa kufokewa. Hakimu akampa kifungo cha nje kwa masharti kwamba asimkaribie yule mwanamke, asikanyage Ngara, na kila Alhamisi aje kwangu tuzungumze.

Alhamisi ya kwanza aliniita Baba, machozi yakimlengalenga. Ya pili akaniletea ndizi. Ya tatu akaniambia mimi ni nyoka, kwa sababu nilimalizia kifungo cha shati kabla ya kuitikia salamu. Ya nne nikawa Baba tena.

"Hata mimi sikukupenda kwa bidii hivyo," mke wangu akasema.

Sasa, kuhusu hayo maombi. Ukimwuliza jambo jepesi, kwa mfano kama amepata kibarua, atajibu vizuri na kuongeza chumvi. Ukimwuliza jambo gumu, anavua kofia, anasema kwa upole, "Fundi, kabla ya hayo, tuombe." Utafanyaje? Mimi nililelewa. Mtu akisema tuombe, macho hujifunga yenyewe. Naye ataomba: ataombea nyumba yangu, cherehani yangu, miguu ya mke wangu huko sokoni, hakimu na familia yake. Akifika kwenye Amina mimi nimeshalainika kama ugali wa maji mengi. Tunashikana mikono, tunaulizana habari za mvua, anaaga. Akishapita lango ndipo ninakumbuka kwamba kulikuwa na swali.

Sikuwa wa kwanza. Kabla yangu alikuwa amepitia kwa mwalimu mstaafu na kwa mama mmoja mwenyekiti wa chama cha akiba, na wote wawili walimrudisha wakisema ameshabadilika, hana haja ya kusimamiwa. Kisha wiki moja baadaye wakasema tena hawataki kumwona. Afisa wetu wa eneo naye alikuwa amejaribu. Alikuwa msichana wa chuo kikuu mwenye umri wa kuwa binti yangu, lakini mimi nilimwita Madam na yeye akaniita Mzee, na kila mmoja wetu akaona amepunjwa.

"Ofisini kwangu aliomba mpaka karani akaokoka," aliniambia.

Ilikuwa inachekesha mpaka jioni moja mke wangu aliporudi kutoka Ngara, akavua viatu, akaketi mbele ya cherehani.

"Mtu wako nimemwona leo."

"Mtu wangu gani?"

"Si yule mchungaji wako wa Alhamisi. Amesimama ng'ambo ya barabara, anaangalia kibanda cha yule mama wa viatu. Amesimama tu. Ameshika mahindi ya kuchoma na hata hayali."

"Labda alikuwa anapita."

"Nimeuza pazia mbili akiwa bado anapita."

Asubuhi nikampigia Madam. Hakucheka. Alisema atamtahadharisha yule mwanamke na askari wa sokoni siku hiyo hiyo, na akafanya hivyo. Kisha akanieleza mambo yalivyo, polepole, ili hata mtu wa kidato cha nne aelewe. Kesi itatajwa mbele ya hakimu mwisho wa mwezi. Mtu wangu akija mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme kwamba amekuwa akienda Ngara, na akubali masharti makali zaidi, yeye Madam atasimama na kumtetea. Akikaa kimya mpaka habari hiyo isemwe na mtu mwingine mahakamani, hakimu atafuta kifungo cha nje na kumpeleka ndani, na Madam hatafungua mdomo kuzuia.

"Kwa hivyo mwulize, Mzee."

"Nimwulize tu?"

"Umwulize, na akujibu. Hiyo ya pili ndiyo kazi."

Alhamisi hiyo nikamwuliza. Nilikohoa, nikasogeza mkasi, nikasema, "Nasikia watu wanakuona Ngara." Akavua kofia. Tukaomba. Siku hiyo aliombea hata Ngara yenyewe, wachuuzi wake na mitaro yake. Nilipofungua macho nilikuwa nimemshika mkono na kumwambia Mungu ambariki.

Madam aliposikia alivuta pumzi, akasema wiki inayokuja kuna semina Upper Hill, siku tatu, ya kufundisha maafisa na wasaidizi namna ya kufanya kazi na watu wa aina hii hasa, na jina langu ameshaliandika. Nikamwambia Upper Hill ni mbali. Akaniuliza, mbali na wapi. Nikamwambia ni mbali tu, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa ni kitanda changu.

Nilikwenda. Nilibeba ndara kwenye mfuko wa nailoni nizivae chini ya meza, ili angalau miguu isijue imeondoka nyumbani. Ukumbi ulikuwa wa hosteli moja ya kanisa, katikati ya majengo ya vioo ambayo kila moja linajitazama kwenye lingine. Mwalimu mstaafu na mama mwenyekiti walionitangulia kwa mtu wangu walikuwa wameshafika. Semina ilipangwa kufunguliwa saa mbili. Ilifunguliwa saa nne na mkubwa mmoja aliyetuhutubia juu ya umuhimu wa kuheshimu wakati, akapigwa picha, akaondoka. Kisha tukatunga kanuni na kuzibandika ukutani: tusikatizane, tuheshimu maoni ya kila mtu, simu zizimwe. Aliyependekeza simu zizimwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulia, na mlio wake ulikuwa wa jogoo. Tukasimama tukajinyoosha, tukampigia makofi ya mvua, yale yanayoanza kwa kidole kimoja na kuishia kwa mikono yote, tukaketi. Kufikia hapo nilikuwa nimejifunza mengi sana kuhusu watu wenye matatizo ya nafsi, ingawa hakuna aliyekuwa amewataja.

Mwalimu wetu alikuwa daktari wa akili, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani ya kamba. Projekta ilipokataa kuwaka hakugombana nayo kama tulivyotarajia. Alichukua chaki.

"Kuna mtu ambaye leo wewe ni malaika wake na kesho ni shetani wake," alisema, "na siku zote mbili anasema kile anachokihisi kweli. Kuna mtu ambaye hasira yake haina breki. Kuna mwingine anayeona maumivu yako kama vile wewe unavyoona maumivu ya kiti. Hawa si wendawazimu, na si kwamba hawakulelewa. Lakini nyinyi si madaktari. Msitoke hapa mkampachika mtu jina."

Tukaandika hilo, tukalipigia mstari chini, tukaenda chai. Kabla sambusa hazijaisha tulikuwa tumewapima wakwe zetu wote, mabosi wote, na jirani mmoja wa mwalimu mstaafu ambaye hupaka ua wake rangi usiku. Mimi nilimpima mke wangu, nikakuta hana shida yoyote, nikahisi nimeonewa.

Siku ya pili ikawa ya kuigiza. Viti viwili katikati, mmoja wetu awe mhalifu, mwingine awe msaidizi anayemhoji. Daktari alikuwa ametuandalia visa vizuri, vigumu, vya watu wanaodanganya, wanaotisha, wanaolia. Alichosahau kuandaa ni sisi. Kila igizo lilikwenda hivi: msaidizi anauliza swali, mhalifu anajibu vibaya, msaidizi anamtazama kwa huruma, anamwuliza kama anamjua Bwana, na baada ya dakika chache mhalifu ameokoka. Hadi chakula cha mchana tulikuwa tumewaokoa wezi wa ng'ombe, mchoma nyumba mmoja na matapeli kadhaa wa mashamba. Mama mwenyekiti wa chama ndiye peke yake aliyetumia njia tofauti. Yeye alimtafutia mhalifu wake mke.

"Mama," daktari akasema, "huyu alimpiga mke wa kwanza."

"Ndiyo, Daktari. Huyu nimemletea wa nguvu. Anabeba gunia la viazi sokoni."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akasema sasa yeye mwenyewe atakuwa mhalifu, tuone. Akaketi. Aliyemkabili alikuwa mzee mmoja wa kanisa kutoka Kangemi, mtu mpole, msaidizi wa miaka mingi, mwenye koti la vifungo vya dhahabu. Na lazima niseme daktari alikuwa anajua kuigiza. Akakunja uso, akatazama pembeni, na ghafla hatukumwona daktari tena.

"Binti yangu," mzee akaanza, "wiki iliyopita hukufika. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hospitali."

"Nilipiga simu hospitali. Hukuwepo."

"Kwa hivyo mimi ni mwongo? Sema. Sema mimi ni mwongo mbele ya hawa watu."

Ukumbi ukakaza. Tuliona koti lote la mzee likitafuta pa kujificha. Halafu akanyoosha mkono polepole, akauweka juu ya kichwa cha daktari, na akasema, "Tuombe."

Na daktari akafumba macho.

Sisemi aliigiza. Alifumba macho kwa sababu na yeye alilelewa. Sisi sote tulifumba, na hata mhudumu wa hosteli aliyekuwa akikusanya vikombe alisimama na trei yake. Mzee aliomba vizuri, akaomba ulinzi wa safari, akasema Amina, tukaitikia Amina. Akamshika daktari mkono, akamwambia, "Asante kwa kuja, binti yangu. Mungu akutangulie."

Daktari aliuachia mkono wa mzee. Kisha akaanza kucheka, peke yake, mpaka miwani ikaanguka kwenye kamba yake.

"Mzee, nimekudanganya," alisema. "Umejua nimekudanganya. Na umeniaga."

"Nilikuwa nimeona umekasirika."

"Nilikuwa nimekasirika. Na wewe ulikuwa umeogopa. Hukuniombea mimi, Mzee. Umeomba ili upumzike kidogo." Akatutazama sote. "Na mimi nimefumba macho, kwa hivyo msinicheke. Ni nani hapa ana mtu anayemfanyia hivi? Anayeomba wakati yeye ndiye anahojiwa?"

Niliinua mkono. Kwa mara ya kwanza tangu shule ya msingi niliinua mkono bila kutaka ruhusa ya kwenda nje. Nikaeleza juu ya mtu wangu, juu ya Ngara, juu ya mwisho wa mwezi. Walicheka nilipofika kwenye karani aliyeokoka, kisha nilipofika kwenye hakimu wakaacha.

Basi programu ya mchana ikatupwa, na tukafundishwa jambo moja tu: kuuliza swali baada ya Amina. Utaona ni jambo dogo. Lijaribu. Kumwuliza mtu swali gumu hapo hapo, Amina ikiwa bado ina joto, ni kama kumkanyaga kidole akiwa anakupa mkono wa heri. Mwalimu mstaafu alisema Amina, akafungua mdomo, ukatoka wimbo. Mama mwenyekiti alisema Amina akatoa sadaka. Maafisa waliotoka chuo kikuu, ambao walikuwa wamekaa nyuma wakituonea huruma, waliitwa mbele mmoja mmoja, wakafumba macho kama sisi na kurudi nyuma kimya.

Mimi niliwekwa na yule mzee wa kanisa, yeye akiwa mtu wangu. Nikamwuliza, "Unafanya nini Ngara?" Akavua kofia isiyokuwepo, akaomba. Sasa yule mzee hajui kuomba kwa mchezo. Aliliombea goti langu la kulia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu goti, labda aliniona nikishuka ngazi. Aliomba mpaka nikahisi linapata nafuu. Aliposema Amina nilimshukuru kwa moyo wote, nikamwuliza kama angependa chai.

"Swali lako limeenda wapi?" daktari akauliza.

"Limepona, Daktari."

Hakukasirika. Aliniketisha kando wakati wa mapumziko, mimi na ndara zangu, akaniambia maneno ambayo nimeyashika kuliko cheti walichotupa. Usigombane na maombi yake, alisema, wala usiyadharau, huenda ni ya kweli. Omba naye. Kisha rudisha swali lile lile, kwa sauti ile ile, kama mtu anayeokota sindano iliyoanguka. Usimtishe na usimsihi. Usimwahidi jambo ambalo liko mikononi mwa hakimu. Mwambie wazi litakalotokea akijibu, na litakalotokea asipojibu. Weka mkasi mbali, acha mlango wazi, mtu mwingine awe karibu.

"Atakukasirikia," alisema. "Kwake itakuwa umemwacha, kama wengine wote waliomwacha. Wewe usiende popote. Alhamisi inayofuata akukute pale pale."

"Hiyo ya kutokwenda popote," nikamwambia, "naweza."

Alhamisi ikafika. Nilifungia mkasi kabatini pamoja na pasi ya makaa. Mke wangu alikataa kwenda sokoni. Alisema ana maharagwe ya kuchambua, akaketi mlangoni na ungo wa maharagwe yaliyochambuliwa tangu jana, akaanza kuyachambua upya.

Mtu wangu alikuja na suruali iliyopigwa pasi na salamu ndefu. Siku hiyo nilikuwa Baba.

"Baba, umepotea. Nasikia ulikuwa Upper Hill na wakubwa. Sasa si utatusahau sisi."

"Nilienda kufundishwa."

"Kufundishwa nini na wewe ni mzee?"

"Kukuuliza swali. Unafanya nini Ngara?"

Ungo ukaacha kutikisika. Yeye hakubadilika uso. Akavua kofia.

"Baba, kabla ya hayo, tuombe."

"Tuombe," nikasema, na nikafumba macho. Nakwambia nilisikia kila neno. Aliomba kuliko siku zote. Aliniombea maisha marefu, akataja watoto wangu walio shuleni, akamwombea Madam mume. Nilikaza mikono kwenye magoti na kurudia swali langu kichwani kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Amina."

"Amina. Unafanya nini Ngara?"

Alinitazama kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake una kufuli ya mwingine. Akacheka kidogo.

"Fundi. Sasa umekuwa nani?"

"Ni mimi tu. Unafanya nini Ngara?"

"Nilienda kununua brashi. Kwani brashi zinauzwa wapi? Kwani mtu hawezi... Unajua nini, kuna roho imeingia hapa. Roho mbaya. Tuombe tena."

Tukaomba tena. Haya yalikuwa mafupi na yalikuwa na haraka ndani yake.

"Amina."

"Amina. Nitakuambia ninachojua. Ukimwambia Madam mwenyewe, yeye atakutetea. Hakimu ataamua nini sijui, sikuahidi. Usipomwambia, itasemwa na mtu mwingine, na utafungwa. Unafanya nini Ngara?"

Alisimama. Beseni la maji ya kunyunyizia nguo likapigwa teke na kumwagika mpaka kwenye maharagwe. Mke wangu hakusogea. Nilitamani sana kuomba. Sijawahi kutamani kuomba namna ile maishani, na nadhani Mungu aliona kabisa kwamba si yeye niliyekuwa namtafuta.

"Wewe si baba," alisema. Sauti ya kuuza bima ilikuwa imekwisha, na iliyobaki ilikuwa nyembamba. "Wewe ni polisi. Nilijua tangu siku ya kwanza. Mtu anakaa kwa nyumba mchana kutwa kama mwanamke, kazi yake ni kuvizia watu. Hata wale wengine walikuwa wananipenda. Mimi nilienda kumwangalia tu. Nimemgusa? Nimemwambia kitu? Namwangalia kama anakula. Amekonda. Wewe unajua amekonda? Hujui, kwa sababu hujali mtu, unajali swali."

"Nimesikia," nikasema. Nikaikalia mikono yangu. "Mwambie Madam hivyo hivyo. Alhamisi niko hapa."

"Hutaniona tena."

"Niko hapa."

Akaenda. Kofia yake akaisahau juu ya cherehani. Mke wangu akayamwaga nje maji yaliyoingia kwenye ungo, akauegemeza ukutani.

"Huyo ndiye wa kwanza kukwambia ukweli kuhusu kukaa nyumbani," alisema. Kisha akaniletea chai, bila kuombwa, ikiwa na maziwa mengi.

Usiku ule sikuwa na raha, wala kesho yake. Nilijiona nimemsukuma mtu moja kwa moja mpaka mlango wa jela, kwa adabu na kwa sauti ile ile, jinsi nilivyofundishwa. Nilikata kola mbili vibaya. Ndipo Jumatatu simu ikalia. Alikuwa Madam.

"Mzee, umeshtakiwa."

"Na nani?"

"Na mtu wako. Amefika hapa kabla sijafungua ofisi. Amelalamika mambo matatu. La kwanza, unadharau maombi. La pili, una majini. La tatu, unamzuia mtu kumwabudu Mungu, eti kwa sababu tu ameenda Ngara." Nikasikia akifunua karatasi. "Nikamwuliza, ameenda Ngara mara ngapi. Akaniambia. Akaniambia anasimama wapi, saa ngapi, kila kitu, ili nione jinsi ulivyo mbaya. Nimeandika, na ametia sahihi."

"Hakuomba?"

"Alianza. Nikamwambia tuombe, tukaomba, halafu nikamwuliza tena. Nilikuwa Upper Hill pia, Mzee. Nilikaa nyuma."

Mwisho wa mwezi tulikwenda mahakamani. Mara ya pili ndani ya mwezi mmoja niliondoka nyumbani, na majirani wakaanza kuuliza kama nimepata mwanamke mjini. Madam alisimama na kusema kwamba mshtakiwa alivunja masharti, na kwamba alikuja mwenyewe kulieleza jambo hilo. Hakusema alikuja kwa sababu gani, na hakimu hakuuliza. Yule mwanamke wa viatu aliulizwa anataka nini. Alisema anataka kuuza viatu bila kutazama ng'ambo ya barabara, basi. Sikumwona kama amekonda, lakini mimi si wa kuulizwa.

Hakimu akaandika kwa muda mrefu sana. Kisha akasema kifungo cha nje kitaendelea. Mtu wangu atapiga ripoti kwa Madam mara mbili kwa wiki, atahudhuria kliniki ya daktari kule hospitali kuu, na akionekana Ngara tena, hata akiwa anapita ndani ya gari, ataingia ndani siku hiyo hiyo. Akamwuliza kama ameelewa. Alisema ameelewa, ila ana ombi moja, abadilishiwe yule fundi, kwa sababu ana roho ngumu.

Hakimu akamtazama Madam. Madam akatazama karatasi zake.

"Hakuna mwingine, mheshimiwa," alisema.

Alhamisi alikuja. Hakunisalimu. Alichukua kofia yake mahali ilipokuwa, akaikung'uta kana kwamba nilikuwa nimeivaa, akaketi kwenye benchi kunipa mgongo nusu. Hakusema tuombe, na mimi sikumkumbusha. Tulikaa hivyo mpaka nikamaliza pindo lote la sketi ya shule.

"Umeenda Ngara?" nikamwuliza.

"Sijaenda. Uliza bibi yako, si ndiye jasusi."

Jioni nikamwuliza mke wangu. Alikuwa hajamwona. Alhamisi iliyofuata nikamwuliza mtu wangu tena, akanitukana, akajibu.